Sura ya Tano: Kuezeka Mara ya Pili

Asubuhi baada ya upepo mkali, sauti inayotawala katika vitongoji vya uwanda wa chini wa Moshi, iwe Kahe, Mabogini au Arusha Chini, ni ya nyundo. Watu huokota mabati yaliyotupwa mashambani, huyalaza juu ya gogo na kuyanyoosha, kisha hunyoosha na misumari ileile iliyong'oka, wakayarudisha juu ya papi zilezile kabla mawingu ya jioni hayajakusanyika tena. Haraka hiyo inaeleweka. Ndani kuna watoto, kuna magodoro yaliyolowa, kuna magunia ya mahindi ambayo yakipata maji ni njaa ya miezi ijayo. Hata hivyo, hoja yangu katika sura hii ni kwamba saa hizo chache ndizo zinazopanga hasara ya dhoruba itakayofuata. Upepo hatuwezi kuuzuia, lakini maungio ya nyumba yamo mikononi mwetu, na wakati pekee tunapoyafikia bila gharama ya kubomoa ni huu ambao paa tayari liko wazi. Anayerudisha nyumba kama ilivyokuwa anairudisha pamoja na udhaifu uliomtoa nje.

Kwanza tujue ni upepo gani tunaouzungumzia. Maafa ya upepo yanapotajwa nchini, wengi hukumbuka vimbunga vya baharini: kile kilichoangusha mikarafuu ya Unguja Aprili 1872, kile kilichoipiga Lindi Aprili 1952, na Hidaya iliyofika karibu na kisiwa cha Mafia Mei 2024. Moshi haimo katika njia ya vimbunga hivyo. Mji uko nyuzi 3 na kidogo tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hautoshi kuusokota upepo ukawa kimbunga, tena uko zaidi ya kilomita 200 kutoka kwenye maji ya bahari ambayo joto lake ndilo nguvu ya kimbunga. Upepo unaoezua nyumba zetu huzaliwa ndani ya wingu la radi. Jua likiuchoma uwanda mchana kutwa, hewa ya moto hupanda, na miteremko ya mlima huizidisha kupanda. Wingu hukua mpaka mvua na mawe ya barafu yaliyomo yakawa mazito, kisha yakaporomoka na kuburuta hewa baridi pamoja nayo. Hewa hiyo ikigonga ardhi haina pa kwenda ila pembeni, nayo husambaa kwa kasi kubwa. Ndiyo maana upepo huu hupenda kuja alasiri au jioni, mvua za vuli au za masika zinapoanza, hudumu dakika chache, na huweza kuvua paa la nyumba moja ukaacha la jirani.

Tabia hiyo inajibu hoja ya wanaosema kwamba dawa ni utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa tahadhari kwa rangi za manjano, machungwa na nyekundu, na tahadhari hizo zinastahili kusikilizwa: zinatosha kumfanya mtu aingize mifugo, afunge madirisha na asilale chini ya mti wenye tawi kavu. Lakini tahadhari inayotaja mkoa haiwezi kutaja kitongoji, na wingu linalokomaa kwa saa moja halimpi fundi muda wa kupanda ngazi. Kwa upepo wa dakika chache, maandalizi yenye maana ni yale ambayo yamo ndani ya nyumba tayari, yamefungwa na kukazwa miezi kadhaa kabla.

Hesabu ya nguvu za upepo si ngumu, na kila mwenye nyumba anastahili kuijua. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao TMA huutaja mara nyingi katika tahadhari zake za ukanda wa pwani, husukuma kila mita ya mraba iliyouelekea kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8. Ukifika kilomita 100 kwa saa, nguvu hiyo hukaribia kilo 50. Sasa pima na bati. Bati jembamba la geji 30, ambalo wengi hulinunua kwa sababu ya bei, halifiki kilo 4 kwa mita ya mraba. Tena upepo unaopita juu ya paa haulikandamizi, kama inavyodhaniwa. Huruka ukingo na kulifyonza kwenda juu, na mfyonzo huo huwa mkali zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na kwenye kofia. Dirisha la upande unaotoka upepo likiwa wazi, au mlango ukifunguka, hewa hujaa ndani na kulisukuma paa kutoka chini wakati huohuo linavutwa kutoka juu. Kwa hiyo ushauri wa kuacha madirisha wazi ili upepo upite ni wa hatari, yafungwe yote. Kwa makadirio, paa la mita za mraba 80 katika upepo wa kilomita 100 kwa saa linaweza kuvutwa kwa nguvu ya tani 3 au 4, na uzito wa mabati na mbao zake ni sehemu ndogo ya hizo. Sehemu yote iliyobaki hubebwa na misumari, na kila kilicho chini ya misumari.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili ulipatikana mbali, lakini kwenye nyumba nyingi zilizoezekwa kwa mabati kama zetu. Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1974, kimbunga Tracy kiliupiga mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia, na kuharibu vibaya sehemu kubwa ya makazi yake. Mhandisi George Walker, aliyechunguza uharibifu ule, alikuta kwamba mabati mengi yalipasuka kuzunguka matundu ya vifungio. Upepo huja kwa mapigo, na kila pigo lilikunja bati kidogo mahali palepale mpaka likachanika. La kwanza likitoka, la pili hubaki na ukingo wazi, na baada ya hapo paa huondoka safu kwa safu. Australia ilibadilisha kanuni zake za ujenzi ikataka kila kiungo, kutoka bati mpaka msingi, kihesabiwe kwa nguvu ya upepo. Kimbunga Yasi kilipofika Queensland Februari 2011, nyumba zilizojengwa kwa kanuni mpya zilistahimili vizuri zaidi kuliko zile za zamani. Kwetu Tanzania, usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga Mwakata, Kahama, vikaua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiangukiwa na nyumba za udongo. Huko tulijifunza upande wa pili wa jambo hilihili: paa na ukuta hushikana. Ukuta ulionyang'anywa paa hupoteza mshiko wake wa juu, na ukuta wa tofali mbichi uliolowa hauna kingine cha kuushikilia.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kunyoosha bati la kwanza, mwenye nyumba ayasome mabaki. Mabati yakiwa yametawanyika moja moja, na papi zimebaki juu, kilichoshindwa ni misumari ya bati. Mabati yakiwa yameanguka pamoja na papi zake, kenchi zikabaki zimesimama, kilichoshindwa ni kiungo cha papi na kenchi. Na paa lote likiwa limeondoka kwa umoja, mbao na mabati, likatua shambani kama lilivyo, basi fundi alifanya kazi nzuri huko juu kote ila mahali pamoja: hakulifunga paa kwenye ukuta. Mnyororo hukatika kwenye pete iliyo dhaifu kuliko zote, na mabaki hukuonyesha pete hiyo bila kuhitaji mhandisi. Kosa la kawaida ni kuongeza misumari ya bati kwenye paa lililoondoka zima. Huko ni kukaza pete ambayo haikukatika, na safari nyingine paa litaondoka likiwa zima zaidi.

Tiba ya kila kiungo inajulikana. Msumari laini ulionyooshwa usirudi juu. Tundu lake limeshapanuka na mbao haiushiki tena. Utumike msumari wa bati uliosokotwa, au ulio mrefu wa kutosha kupenya papi na kukunjwa upande wa chini. Katikati ya paa nafasi zinaweza kuachwa, lakini kwenye kingo, kwenye kofia na kwenye ncha za pembeni kila mgongo wa bati upate msumari wake, kwa kuwa huko ndiko mfyonzo unakoanzia. Papi ifungwe kwenye kenchi kwa mkanda wa chuma au waya mnene, maana msumari uliopigwa kutoka juu hung'oka kwa kuvutwa juu. Kenchi zifungwe ukutani. Nyumba yenye lenta ya zege ingepaswa kuachiwa vipande vya nondo vilivyochomoza wakati zege linamwagwa. Isiyo navyo itobolewe ukuta kozi kadhaa chini ya ukingo, waya mnene upitishwe na kuzungushwa juu ya mbao, ili uzito wa tofali hizo usaidie kulivuta paa chini. Paa la baraza, ambalo hupokea upepo kutoka chini bila kizuizi, liezekwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kubwa. Likiondoka, liondoke peke yake.

Haraka ya kuezeka ina hatari nyingine ambayo haingoji dhoruba ijayo. Waya wa umeme uliolala kwenye majani, hata kama mtaa mzima uko gizani, uchukuliwe kuwa una moto mpaka TANESCO waseme vinginevyo, na watoto wazuiwe kuokota mabati karibu nao. Bati lililolowa huteleza, na papi iliyopasuka haionyeshi ufa wake mpaka ikanyagwe. Usiku mmoja chini ya turubai, au kwa jirani, ni bei ndogo kuliko mguu uliovunjika.

Wapo wanaosema kwamba wazee wetu hawakuwa na matatizo haya, na kwamba shida ilikuja na bati. Dai hilo lina ukweli ndani yake. Nyumba ya jadi ya Wachagga, ile ya nyasi iliyochongoka juu na kushuka mpaka karibu na ardhi, haikuwa na ukuta mpana wa kuupinga upepo wala ukingo wa paa unaoning'inia ukiusubiri uingie chini yake. Fito zake zilifungwa kwa kamba, si kupigiliwa, na kamba huvutwa bila kung'oka. Lakini nyumba ile ilikuwa na giza na moshi, iliweza kuteketea kwa cheche moja, na ilidai nyasi na nguvu kazi ambazo leo hazipo. Hakuna sababu ya kurudi huko. La kujifunza ni kwamba wajenzi wale walifunga kila mahali palipokutana vitu viwili. Sisi tulipopokea bati, saruji na msumari, tuliiacha desturi ya kufunga, na hiyo tunaweza kuirudisha bila kuliacha bati.

Pingamizi lingine husikika zaidi kwenye vihamba vya juu, Marangu, Kibosho, Machame na Rombo: mti umeangukia nyumba, kwa hiyo miti ikatwe. Naielewa hofu hiyo, lakini hitimisho lake lina makosa. Miti ya kihamba, mringaringa, mruka, msesewe na mgrivea, pamoja na migomba na mibuni chini yake, hupunguza kasi ya upepo kabla haujafika ukutani. Safu ya miti iliyopandwa vizuri huweza kupoza upepo kwa umbali unaofika mara kumi ya urefu wake, kwa hiyo miti ya mita 10 hulinda karibu mita 100 nyuma yake. Uwanda wa chini, wenye mashamba wazi ya mpunga, mahindi na miwa, hauna ngao hiyo. Mti unaoangukia nyumba mara nyingi una historia: mizizi yake ilikatwa upande mmoja wakati wa kuchimba msingi au barabara, au matawi yake yalipunguzwa upande wa nyumba tu ukabaki umeelemea upande mwingine, au shina limeoza kwa ndani. Mvua ikishalainisha udongo, upepo humalizia. Tiba ni kuukagua mti kabla ya masika, kupunguza matawi yake pande zote kwa usawa, na kuwahi ofisi ya kijiji kuomba kibali ikiwa ni lazima uondolewe. Mti mrefu upandwe mbali na nyumba kwa umbali usiopungua urefu utakaoufikia. Kihamba kikiwa kidogo mno kwa hilo, pande za karibu na nyumba ziachiwe mibuni na miti inayokubali kukatwa mara kwa mara, na mkaratusi usipate nafasi kabisa.

Shambani nako ukarabati wa haraka huweza kuongeza hasara. Mgomba huanguka kwa urahisi kwa sababu shina lake si mti. Ni majani yaliyofungamana, mizizi yake haiendi chini sana, na mkungu umeuelemea kichwani. Aliyeona migomba yake imelala hushawishika kung'oa yote aanze upya, wakati uhai wa mgomba umo katika tunguu lililo chini ya udongo na katika machipukizi yake. Shina lililovunjika likatwe, lipasuliwe, sehemu wapewe ng'ombe wa ndani na sehemu itandazwe kulinda unyevu; chipukizi bora libakizwe, na mgomba wenye mkungu uliosimama upewe mhimili wa mti wenye panda. Migomba iliyong'oka na mizizi yote ikaguliwe kama imeshambuliwa na fukusi au minyoo, kwa maana upepo hufichua ugonjwa uliokuwapo. Matawi ya kahawa yaliyopasuka yakatwe mahali pazima. Mgomba mpya huchukua mwaka au zaidi kutoa mkungu, na mbuni miaka kadhaa, kwa hiyo uamuzi wa wiki ya kwanza utaonekana mezani kwa misimu mingi. Historia ya karafuu inathibitisha urefu wa kivuli hicho: baada ya 1872, Pemba, ambayo iliathirika kidogo, iliipita Unguja katika zao hilo, na haikurudi nyuma tena.

Kuna pingamizi ambalo nalijibu kwa heshima, kwa sababu husemwa na watu wenye uchungu wa kweli: upepo ni kazi ya Mungu, na mwanadamu hana la kufanya. Moshi ni mahali pa makanisa na misikiti, na waumini wa pande zote mbili wanayo mafundisho yanayopinga kukata tamaa huko. Katika Injili, nyumba mbili hupigwa na mvua na upepo uleule, na tofauti ya mwisho wake iko kwa waliozijenga. Katika mafundisho ya Kiislamu, mwenye ngamia huambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Kuukubali upepo kama jambo lililo juu ya uwezo wetu hakutuondolei wajibu juu ya msumari tulioupiga wenyewe.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umaskini. Mjane wa Kahe aliyepoteza nusu ya mabati yake, na anayehitaji kulaza wajukuu leo, atatoa wapi fedha za waya na mikanda ya chuma? Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, maungio ndiyo sehemu ya bei ndogo kuliko zote katika paa; kilo chache za waya na pakiti ya misumari iliyosokotwa ni gharama ndogo mbele ya mabati mapya, na bila hizo mabati hayo mapya yamewekwa rehani kwa wingu lijalo. Ikibidi kuchagua, ni afadhali kuezeka vyumba viwili vilivyofungwa sawasawa kuliko nyumba nzima iliyopigiliwa ovyo. Pili, mzigo huu si wa mjane peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na kamati hizo pamoja na makanisa, misikiti na vikundi vya VICOBA ndivyo hukusanya msaada. Msaada huo kwa kawaida huhesabiwa kwa mabati. Uhesabiwe kwa mapaa: bati litolewe pamoja na misumari yake, waya wake na siku ya fundi mwenye kujua kufunga. Kilimanjaro inayo desturi ya msaragambo, iliyochimba na kusafisha mifongo ya maji vizazi kwa vizazi. Hakuna sababu nguvu hiyohiyo isitoboe kuta na kukaza waya katika kitongoji kilichoezuliwa, tena ianzie shuleni, ambako darasa moja lenye paa pana hubeba watoto wengi kwa wakati mmoja.

Kalenda yetu yenyewe imetuwekea nafasi ya kazi hii. Kila Desemba familia za Kilimanjaro hurudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na kwa majuma machache wenye kipato na wazee wanaolala katika nyumba zile hukaa chini ya paa moja. Januari na Februari hufuata, miezi ya ukavu kati ya vuli na masika, mafundi wakiwa wanapatikana na mbao zikiwa kavu. Ziara hiyo isipite bila mtu kupanda ngazi kukagua, hata kwa nyumba ambayo haijawahi kuguswa na upepo. Na kwa nyumba iliyoguswa, fundi aulizwe maswali matatu kabla ya kupewa nyundo: bati limeshikwa na nini kwenye papi, papi imeshikwa na nini kwenye kenchi, na kenchi imeshikwa na nini kwenye ukuta. Akishindwa kujibu mojawapo, kazi isianze.